Jua kwanza kilichoiua: vidokezo vya kufufua injini ya Land Cruiser uani kwako, Masisi na Walikale

Kati ya Sake na Walikale, Kivu Kaskazini, gari huzeeshwa na milima, tope na vumbi kuliko miaka. Injini iliyolala chini ya boneti za Land Cruiser nyingi za huku ni 1HZ ya Toyota: dizeli ya silinda 6 mstarini, lita 4.2, haina turbo, na ilianza kutoka kiwandani mwaka 1990. Ni injini ya mtu anayejua kushika spana. Sehemu zake karibu zote zinaonekana kwa macho na kupimika kwa mkono, na ndiyo maana bado inapendwa kwenye barabara ambazo gari la kisasa hulala njiani kwa sababu ya waya mmoja.

Kuifumua nyumbani kunawezekana, ukiwa na fundi wa kweli pembeni. Kazi isiyofanyika uani ni kuchonga chuma. Nyingine zote zinataka subira, usafi na daftari. Nimeandika kwa ajili ya mwenye gari anayeishi kwalo: anayeshusha maharage na jibini Goma, anayepandisha chumvi na mabati, na ambaye usiku wowote anaweza kuamshwa abebe mgonjwa wa jirani.

1. Moshi mweusi wa mlimani si lazima uwe ugonjwa

Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipita Sake ukapanda Mushaki, unakaribia mita 2,000, na vilele vya Masisi vinazidi hapo. Huko juu hewa ni nyembamba, pampu inamwaga mazuti yaleyale, na yasiyoungua yote hutoka yakiwa meusi. Gari hilohilo likishuka hadi msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000, huenda likasafika lenyewe. Usifungue injini kwa moshi wa kilimani peke yake.

Moshi wa bluu ni jambo jingine: injini inakula oili. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache mara nyingi unatoka kwenye plagi za kupashia zilizokufa, na hizo ni kazi ya saa moja. Moshi mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua kila safari, unakuelekeza kwenye kulasi, yaani kichwa cha injini.

Kisha pima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, kupitia matundu ya plagi za kupashia. Andika namba zote sita. Silinda moja ikiwa dhaifu na tano zikiwa sawa, una tatizo la mahali pamoja. Sita zote zikiwa chini, injini imechakaa. Tia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: kompresheni ikipanda, shuku segma, zile ringi za pistoni. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya kulasi.

2. Tafuta muuaji kabla ya kununua chochote

Hiki ndicho kidokezo ninachokijali kuliko vyote. Watu hununua seti nzima ya pistoni na segma, wanafunga vizuri, na baada ya muda mfupi moshi wa bluu unarudi. Injini haikuwa na kosa. Kilichoiua mara ya kwanza kilikuwa bado kimekaa palepale. Huku kwetu wauaji wakubwa ni watatu.

Wa kwanza ni vumbi. Udongo wa kuzunguka Sake una majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira, na majivu ya volkano yana chembe za kioo. Chembe hizo zikipita filta ya hewa, zinasugua kuta za silinda kama msasa. Vua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi, umempata muuaji. Tafuta mpasuko kwenye bomba la mpira, kibanio kilicholegea, au filta isiyokaa sawa kwenye kasha lake. Filta iliyopulizwa na kupigwapigwa ukutani hadi karatasi ikatoboka ni hatari kuliko filta chafu.

Wa pili ni joto. Kwenye mita 2,000 maji huchemka karibu na nyuzi 93 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni kizibo cha rejeta, ambacho hushikilia presha ndani. Kizibo kilichochoka raba, au kile cha gari jingine kilicholazimishwa kukaa, kinatosha kuua injini kwenye kilima cha Mushaki ikiwa na mzigo. Angalia pia kama mapezi ya rejeta yamezibwa na tope na majani, na kama feni inashika injini inapopata moto. 1HZ iliyochemka sana inajulikana kupasuka kulasi katikati ya valvu, karibu na chemba ndogo ambamo mazuti huanza kuungua. Ufa huo unaweza usiuone kwa macho.

Wa tatu ni maji ya mto. Kwenye RN3, kutoka Bukavu kupitia Bunyakiri na Hombo hadi Walikale, daraja likisombwa gari huingia mtoni. Injini ikivuta maji kwa njia ya hewa, silinda hujaa kitu kisichobanika, wakati kazi yake ni kubana hewa zaidi ya mara 22. Konrodi hupinda. Wakati mwingine injini huwaka tena na kutembea miezi ikiwa na konrodi iliyopinda kidogo, kisha hutoboa bloku. Gari lako likizimika majini, usipige staa. Livute hadi nchi kavu, toa plagi za kupashia, ndipo uzungushe ili maji yatoke. Na ukinunua gari ambalo hujui limepita wapi, ukifungua, pima konrodi zote sita.

3. Chagua paa kabla ya kuchagua spana

Masisi mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Turubai lililofungwa kwenye miti minne si anasa. Tandika jingine chini, kwa sababu boliti ikianguka kwenye tope la huku hutaiona tena. Kulasi inaweza kutoka injini ikiwa bado garini. Krankishafti ikihitaji kwenda kuchongwa, injini yote lazima itoke, na hapo unainua mamia ya kilo. Magogo matatu ya mkaratusi uliokomaa, yaliyofungwa juu kwa mnyororo na kuchimbiwa miguu yasiteleze, pamoja na palani iliyo nzima, yanafanya kazi hiyo. Mtu yeyote asiweke mkono wala kichwa chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde.

Osha vyuma kwa mazuti, usitumie esansi, na mbali na mbabula wa makala. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu yana ladha tamu na ni sumu kwa watoto, mbuzi na mbwa: yamwage kwenye bidoni na uifunge. Oili chafu nayo isiende kwenye kijito wanakokunywa ng'ombe.

4. Kadibodi, kalamu na simu

Chora umbo la kulasi kwenye kadibodi, toboa matundu, na kila boliti ichomekwe mahali ilikotoka. Boliti za kulasi hazilingani urefu, na ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi itakuletea balaa. Piga picha za kila pembe kabla ya kulegeza kitu. Fanya hivyo betri ya simu ikiwa imejaa, maana sola nayo ina siku zake.

Kofia za bering'i za konrodi na za krankishafti hazibadilishani kamwe. Kila moja ilichongwa pamoja na mwenzake. Kama namba za kiwandani hazisomeki, gonga alama zako mwenyewe kabla ya kufungua: silinda ya 1 ni ile ya mbele, karibu na rejeta. Vikombe vya valvu na vipande vidogo vya chuma vilivyo juu yake navyo vipangwe kwa mpangilio, katika trei ya mayai kwa mfano. Vikichanganyika, utapoteza siku nzima kwa jambo lililohitaji dakika.

5. Peleka Goma vitu vitatu, ukiwa na maswali matatu

Kulasi, bloku na krankishafti ndivyo vinavyokwenda kwenye karakana yenye mashine. Usikabidhi tu na kuondoka. Kwenye kulasi uliza: imepimwa kwa presha kama ina ufa, na uso wake umenyooka? Kwenye bloku: silinda zimechakaa kiasi gani juu, katikati na chini, na zimepoteza uduara? Silinda mpya ya 1HZ ina kipenyo cha milimita 94, kwa hiyo unaweza kulinganisha mwenyewe. Kwenye krankishafti: shingo zake zichongwe au zing'arishwe tu? Omba vipimo viandikwe kwenye karatasi. Fundi mzuri wa mashine hukasirishwa na mteja asiyeuliza kuliko anayeuliza.

Pistoni, segma na bering'i hununuliwa baada ya karatasi hiyo kurudi. Krankishafti ikichongwa milimita 0.25, bering'i lazima ziwe za 0.25. Silinda zikipanuliwa milimita 0.50, pistoni na segma ziwe za 0.50. Nimeona seti nzuri za saizi ya kawaida zikikaa kabatini miaka kwa sababu mwenyewe alinunua siku aliyofurahia bei.

6. Orodha moja, safari moja

Januari 2025 vita viliingia Masisi-centre na kisha Goma. Machi mwaka huohuo vikafika Walikale-centre. Barabara iliyo wazi leo huenda ikafungwa kesho, na injini iliyofunguliwa haiwezi kukimbia. Kwa hiyo usianze kufungua hadi uwe na hela ya gasketi, sili zote, mkanda wa taimingi, filta na oili ya kujaza mara mbili. Walioko upande wa Walikale mara nyingine hupata urahisi zaidi kuagiza Bukavu kwa njia ya Hombo, au Kisangani kwa njia ya Lubutu. Miaka ya 2000, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, Walikale, kuchukua kasiteriti ya mgodi wa Bisie na kushusha bidhaa. Hiyo inakuonyesha kusafirisha mzigo kwa ardhi huku kumekuwa kugumu kwa muda gani.

Na hata injini ikiwa nje, acha gari likiwa na matairi yake manne na usukani unaofanya kazi. Gari linaloweza kusukumwa linaweza kuokolewa.

7. Kipuri kipya kipimwe kama cha zamani

Sanduku lenye jina la kampuni kubwa halithibitishi kilichomo. Weka kipya kando ya kikuukuu: uzito, unene, alama, mahali pa matundu ya oili. Segma ndiyo rahisi kujaribu. Ingiza moja peke yake ndani ya silinda, isukume chini kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila. Mwanya ukiwa mdogo kuliko kitabu kinavyosema, ncha zitagongana injini ikipata moto na segma itavunjika. Rudia kwa kila segma na kila silinda. Wakati wa kufunga, upande wenye alama utazame juu, na mianya ya segma isipangane mstari mmoja.

8. Osha, kisha osha tena

Bloku ikirudi kutoka mashineni inaonekana safi. Ina unga wa chuma na wa jiwe la kusugulia ndani ya njia za oili. Mazuti hayautoi wote. Chukua maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi ndefu, usugue silinda hadi kitambaa cheupe chenye oili kitoke cheupe. Pitisha waya wenye kitambaa kwenye kila njia ya oili ya krankishafti. Kausha na upake oili palepale, maana kutu ya Masisi haingoji asubuhi. Usifunge injini siku ya upepo wa vumbi. Ukiitwa kula, funika kwa shuka safi kabla ya kuondoka.

9. Boliti za kulasi: azima spana ya kupimia nguvu

Kama huna spana hiyo, kuna mtu anayo Goma, Sake au kwenye karakana ya shirika fulani. Nenda uiombe. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Kitabu cha 1HZ kinataka kwanza nguvu fulani kwa boliti zote, kisha robo mzunguko, kisha robo mzunguko nyingine. Weka nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti, zote zikitazama mbele. Mwishoni nukta zote ziwe zimegeukia nyuma. Hapo huhitaji kukumbuka ulishakaza ipi.

10. Mkanda wa taimingi hauna huruma

Kwenye 1HZ mkanda mmoja unazungusha kamshafti na pampu ya mazuti pia. Ukikatika, pistoni na valvu hukutana. Toyota iliweka taa kwenye dashibodi ya kukumbusha mkanda ufikapo kilomita 100,000, lakini kwenye gari ambalo kilomita zake ziliacha kuhesabiwa zamani taa hiyo haikusaidii. Weka mpya, na sili za mbele mpya, kwa kuwa oili ikivuja juu ya mkanda inaula. Baada ya kupanga alama, zungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi palepale bila kugota popote, endelea. Ikigota, usilazimishe.

11. Nafasi za valvu, injini ikiwa baridi

Za kuingiza hewa: milimita 0.15 hadi 0.25. Za kutoa moshi: 0.35 hadi 0.45. Zinarekebishwa kwa kubadilisha vile vipande vya chuma vya juu ya vikombe. Andika namba zote 12 daftarini. Ukipima tena mwakani, utajua ni valvu gani inayozama.

12. Mazuti ya bidoni yalale usiku mmoja

Mazuti ya kando ya barabara yamepita mikono na madebe mengi. Yaache yatulie usiku kucha, kisha nyonya ya juu tu, ukichuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Maji na uchafu hubaki chini. Pampu ya 1HZ inajilainisha kwa mazuti yenyewe, hivyo maji kidogo tu yanaila. Filta ina sehemu ya kumwagia maji chini yake: ifungue mara kwa mara, hata kama taa haijawaka.

13. Mwasho wa kwanza

Jaza oili na filta yake. Chomoa waya wa soleni inayofungua mazuti kwenye pampu ili injini isiwake, kisha piga staa kwa vipindi vifupi, ukipumzisha betri, hadi presha ya oili ionekane. Rudisha waya. Vuta mazuti kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, legeza paipu za nozeli zitoe hewa, pasha plagi, washa.

Ikishawaka, macho yawe kwenye presha ya oili na joto, na masikio kwenye sauti. Usiiache iungurume taratibu saa nzima, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanaibembeleza. Segma mpya zinahitaji mgandamizo ili zikae kwenye ukuta wa silinda. Zikikosa, ukuta unang'aa kama kioo na oili itapanda maisha yake yote. Ikipata joto la kawaida na hakuna kinachovuja, itoe barabarani ikiwa na mzigo mwepesi: panda, shuka, badilisha mwendo, usiikanyage hadi mwisho, usiivute kilimani kwa gia kubwa.

Vidanji ya kwanza, yaani kubadilisha oili, ifanye kati ya kilomita 500 na 1,000. Mwaga oili kwenye beseni safi, pitisha sumaku, kisha kata filta ya zamani na kukunjua karatasi yake juani. Vumbi laini la chuma ni la kawaida kwa injini mpya. Ukiona vipande vinavyoonekana kwa macho, au chembe za rangi ya shaba, usiwashe tena: teremsha karta, bakuli la oili la chini ya injini, fungua kofia za bering'i moja moja, na anza na ile ya silinda ambayo daftari lako linaonyesha ilikuwa mbaya zaidi.